1KZ-TE: Dizeli ya Prado na Surf za Kitambo, Vile Inafanya Kazi na Vile Inadedi

Ukitembea kwa yadi za magari za Nairobi utaziona tu. Prado ya miaka ya tisini, Hilux Surf imeinuliwa kidogo, tairi kubwa, rangi imeng'arishwa hadi unajiona ndani. Bei nayo imeshuka mpaka msee wa mshahara wa kawaida anaanza kupiga hesabu ya sacco. Kabla uweke sahihi kwa hiyo loni, uliza swali moja: chini ya boneti kuna injini gani? Kama jibu ni 1KZ-TE, soma hii yote kwanza. Hiyo injini inaweza kukubeba mpaka Moyale na kukurudisha. Inaweza pia kukumalizia savings zote na bado ikuache kwa barabara ukisubiri brekidauni.

Kwa ufupi

- Mtengenezaji: Toyota, Japani
- Ilianza: 1993, ikichukua nafasi ya 2L-TE kwa Hilux Surf
- Ukubwa: cc 2982, silinda 4 kwa laini moja
- Valvu: 8, kemshafti moja juu
- Boa na stroki: mm 96 kwa mm 103
- Mgandamizo: 21.2 kwa 1
- Bloki: chuma. Hedi: aluminiamu (shika hii, tutairudia)
- Nguvu: kama farasi 125 hadi 145, kulingana na soko na kama iko na intakula
- Toki: kama Nm 290 kwa zile za kwanza, inapita Nm 330 kwa zile za intakula, na inaanza kuvuta fiti kwa RPM 2000 hivi
- Mafuta: dizeli, injekta pampu inayosimamiwa na kompyuta
- Oili: karibu lita 7 ukibadilisha na filta
- Utaipata kwa: Prado KZJ78, Prado KZJ90 na KZJ95, Hilux Surf KZN130 na KZN185, na baadhi ya Hiace za kitambo

Hilo jina linamaanisha nini

Majina ya injini za Toyota hayana siri. 1 ni ya kwanza kwa familia yake, KZ ni jina la familia, T ni turbo, na E ni kwamba mafuta yanapimwa na kompyuta. Iko na ndugu anaitwa 1KZ-T. Huyo hana E, kwa hivyo pampu yake ni ya kimakanika bila kompyuta. Usikubali fundi akuuzie spea ya moja akikwambia inaingia kwa nyingine. Pampu za hizo mbili ni tofauti kabisa.

Mwaka wa 2000, kule Japani, Prado ilianza kupewa 1KD-FTV, ile watu wanaita D-4D. Hiyo ni ya komoni reli, presha ya mafuta iko juu sana na nozo zake ni za umeme. 1KZ ni ya kizazi cha kabla ya hapo, na ndio maana mafundi wengi wa mtaa bado wanaielewa.

Vile inafanya kazi

Dizeli haina plagi ya kupiga cheche. Pistoni inaminya hewa hadi inakuwa moto sana, halafu mafuta yakinyunyizwa hapo yanawaka yenyewe. Kwa 1KZ hewa inaminywa mara 21. Mafuta hayaingii moja kwa moja juu ya pistoni. Yananyunyizwa kwa kachumba kadogo kwa hedi, moto unaanzia huko, kisha unaruka kuja kusukuma pistoni. Hako kachumba kanafanya injini isipige kelele sana na isichague sana mafuta. Ubaya wake ni kwamba moto mwingi unabaki ndani ya hedi.

Turbo nayo inachukua moshi unaotoka, inautumia kuzungusha feni ndogo, na hiyo feni inasukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Hewa zaidi, mafuta zaidi, nguvu zaidi. Ndio maana injini ya farasi chini ya 150 inaweza kuvuta gari ya karibu tani mbili kupanda Kinungi na watu saba ndani.

Kwa nini watu bado wanaipenda

Kwanza, bloki ni ngumu. Ile chuma ya chini ikipata oili safi inaenda kilomita nyingi bila ovaholi. Pili, haina ile presha kali ya komoni reli, kwa hivyo nozo zikichoka zinatengenezeka bila kuuza shamba la mathee. Tatu, spea ziko. Shuka Kirinyaga Road na namba ya chasi, hutarudi mikono mitupu. Nne, inavuta kutoka chini. Kwa matope ya ushago huhitaji kuilia RPM ndio itoke.

Sasa tuingie kwa noma zake.

1. Hedi kupasuka

Hii ndio stori ya 1KZ. Zingine zote ni maneno ya kando.

Bloki ni chuma, hedi ni aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Ongeza kale kachumba ka moto kako ndani ya hedi, halafu kati yake na valvu kuna chuma nyembamba tu. Kila kitu kikiwa poa, maji yanabeba huo moto na maisha yanaendelea. Maji yakipungua ama yasipozunguka vizuri, hiyo sehemu nyembamba inapata ufa. Gesi ya silinda inaanza kuingia kwa maji, maji yanasukumwa nje, injini inachemsha zaidi, ufa unakua. Ni duara mbaya.

Watu wanasema "1KZ iko na hedi mbaya." Hiyo ni nusu ya ukweli. Mara nyingi hedi ndio inakufa, lakini muuaji ni rejeta. Gari ina zaidi ya miaka ishirini, rejeta ni ileile, imejaa kutu na chokaa kwa sababu mtu alikuwa anaongeza maji ya chumvi ya kisima badala ya kulanti. Ama klachi ya feni imechoka, feni inazunguka kizembe wakati uko kwa jam ya Thika Road saa nane mchana. Ama pampu ya maji inavuja kidogo kidogo na hakuna mtu ameangalia.

Kuna mtego mwingine: geji ya moto kwa dashibodi. Toyota waliitengeneza ikae katikati kwa muda mrefu ndio dereva asibabaike na kila mabadiliko madogo. Maana yake ni kwamba injini inaweza kuwa imeanza kupata moto zaidi ya kawaida na mshale bado umetulia. Ukiona umepanda kuenda juu, hiyo si onyo la mapema. Hiyo ni habari ya jana.

*Dalili za kuangalia:*

- Maji yanapungua na huoni mahali yanavuja
- Paipu ya juu ya rejeta ni ngumu kama jiwe asubuhi, injini ikiwa imelala usiku mzima
- Mapovu yanatoka kwa rejeta bila kuisha injini ikiwa inanguruma
- Chupa ya maji ya akiba inafurika ama inatema maji
- Moshi mweupe wa harufu tamutamu usioisha hata injini ikiwa moto
- Oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa

*Dawa:* Kuna kipimo cha maji ya rangi kinachowekwa kwa mdomo wa rejeta. Gesi ya silinda ikiwa imeingia kwa maji, rangi inabadilika. Ni kitu cha dakika chache. Kama hedi imepatikana na makosa, ipelekwe kwa mashini shopu ipimwe kwa presha na iangaliwe kama imejipinda. Fundi akikwambia "tuweke gasketi tu tuone," mwambie apime kwanza. Gasketi mpya juu ya hedi yenye ufa ni pesa umetupa kwa mtaro.

Ukinunua hedi ya kutoka Japani iliyotumika, ipimwe presha kabla ulipe. Nyingi zilitolewa kwa magari yaliyochemsha vilevile. Na ukiweka hedi mpya, usirudishe rejeta ya kitambo. Weka rejeta safi, thamostati mpya, kifuniko kipya, na uangalie pampu ya maji na klachi ya feni. Ukiacha hizo, hiyo hedi mpya itafuata njia ya mwenzake.

2. Mkanda wa taimingi

Kemshafti ya 1KZ inazungushwa na mkanda wa raba. Kawaida unabadilishwa kila kilomita 100,000, na kuna taa ya T-BELT kwa dashibodi inayowaka kukukumbusha. Shida ni mbili. Taa inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa. Na kilomita zenyewe kwa gari ya miaka hii, manze, ni nani anaziamini? Geji inaweza kusema 140,000 na gari imezunguka nchi mara mbili.

Mkanda ukikatika injini ikiwa inaenda, pistoni zinakutana na valvu. Hapo unaongea kuhusu kufungua hedi, na ulikuwa unajaribu kuepuka hiyo hadithi. Kama muuzaji hana risiti ama stika ya kuonyesha mkanda ulibadilishwa lini, chukulia haujabadilishwa. Weka mpya pamoja na teshona yake ndani ya mwezi wa kwanza.

3. Injekta pampu na nozo

Pampu ya 1KZ-TE inalainishwa na dizeli yenyewe. Haina oili yake. Kwa hivyo kila unachoweka kwa tangi ndicho inakunywa na ndicho inajipaka. Dizeli iliyochanganywa na mafuta taa ni kavu, inakula pampu ndani pole pole. Huo mchezo ulikuwa mkubwa Kenya hadi 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili uchanganyaji usilipe tena. Bado, ile dizeli ya jerikeni ya kando ya highway iache ikae hapo.

*Dalili:* injini baridi inawaka fiti lakini ikiwa moto inasumbua kuwaka, RPM inapanda na kushuka ikiwa imesimama, dizeli inachuruzika nje ya pampu, ama gari inazima ghafla. Wakati mwingine ni sili tu zimekauka na zinabadilishwa. Wakati mwingine ni valvu ya umeme iliyo kwa pampu, ile inayokata mafuta kila mzunguko. Peleka kwa msee wa pampu aliye na benchi ya kupimia. Fundi wa kubahatisha atakubadilishia vitu vitano kabla afike kwa kile kimeharibika.

Chini ya filta ya dizeli kuna sehemu ya kukusanya maji. Yafungue yatoke mara kwa mara, haswa msimu wa mvua. Maji ndani ya pampu ni sumu.

4. Turbo

Turbo inazunguka kwa kasi ya ajabu na inategemea oili kuishi. Oili chafu ama kidogo, beringi zinakwisha. Dalili ni moshi wa bluu, oili ndani ya paipu ya intakula, mlio kama king'ora, ama nguvu kupotea. Toa paipu ya hewa injini ikiwa imezima, shika ile feni kwa vidole. Mchezo mdogo sana wa kando ni kawaida. Ikigusa ukuta, ama ikienda mbele na nyuma, imekwisha.

Tabia moja inaokoa turbo: ukitoka kukanyaga safari ndefu ama kupanda mlima, usizime injini papo hapo. Iache inguruma dakika moja au mbili ipoe. Umeona madereva wa kitambo wakikaa ndani ya gari kidogo baada ya kupaki? Wanajua kitu.

5. Hita plagi

Hizi zinapasha moto kale kachumba kabla uwashe. Zikifa moja au mbili, asubuhi ya Limuru gari itatetemeka, itoe moshi mweupe, na ichukue muda kutulia. Si ugonjwa mkubwa na hazina bei ya kutisha. Hakikisha tu unaweka zenye volti inayofaa injini yako. Zikiwa za aina nyingine zinaungua haraka, na ncha inaweza kukatika ndani.

6. Hewa, masizi na sensa

Moshi mweusi mwingi na nguvu kidogo mara nyingi ni hewa haitoshi. Anza na vitu vya bei ya chini: filta ya hewa imejaa vumbi, paipu ya turbo imepasuka, ama kapaipu kembamba ka sensa ya presha ya turbo kamezibwa na masizi. Kompyuta isipojua turbo inasukuma hewa kiasi gani, inapunguza mafuta na gari inakuwa mzee. Masizi ya EGR nayo yanajaza manifoldi hadi tundu linabaki dogo. Kusafisha ni kazi chafu lakini gari inapumua tena.

Taa ya injini ikiwaka, huhitaji laptopu kwa hizi za kitambo. Fundi anayejua anaunganisha TE1 na E1 kwa kisanduku cha uchunguzi, halafu anahesabu vile taa inamulika. Kila hesabu ni kodi ya kosa.

Soma moshi kama gazeti

- Mweupe asubuhi, unaisha: hita plagi ama baridi tu
- Mweupe usioisha, maji yanapungua: hedi
- Mweusi ukikanyaga: hewa kidogo ama nozo zimechoka
- Bluu: oili inaungua, turbo ama ringi za pistoni

Ukienda kuicheki, fanya hivi

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari ya mtumba iliyopita miaka 8, kwa hivyo hakuna 1KZ "imeshuka meli juzi." Kila moja imekuwa na wenyewe hapa, na historia yake iko hapa. Itafute.

1. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla ufike. Ukipata boneti ni moto, rudi siku nyingine. Injini iliyopashwa inaficha mambo mengi.
2. Injini ikiwa baridi, minya paipu ya rejeta, halafu fungua kifuniko. Maji yawe na rangi ya kulanti, si ya uji wa kutu.
3. Chomoa dipstiki, fungua kifuniko cha oili. Angalia kama kuna maziwa.
4. Washa. Sikiza. Angalia moshi, na mapovu kwa rejeta.
5. Iendeshe nusu saa, ikiwezekana kwa mlima. Zima, shika feni kwa mkono injini ikiwa imezima kabisa. Inafaa kuwa na uzito. Ikizunguka bure kama ya mtoto, klachi imekufa.
6. Linganisha namba ya injini na logibuku. Injini ikiwa ilibadilishwa na karatasi hazikubadilishwa, hiyo shida inakuwa yako.
7. Lipa fundi wako mwenyewe, si binamu ya broka.

Ukishainunua

Weka kulanti ya ukweli, si maji tupu. Nairobi iko juu, karibu mita 1,795, na huku maji tupu kwa sufuria yanachemka kwa nyuzi 94 hivi. Kifuniko cha rejeta ndicho kinashikilia presha ili maji yasichemke mapema. Kifuniko kilicholegea ni kitu kidogo kinachoua injini kubwa.

Badilisha oili na filta kila kilomita 5,000. Weka geji ya ziada ya moto ama alamu ya maji kupungua. Ni kati ya pesa bora utawahi kutumia kwa hii gari. Fundi akitaka kutoa thamostati "ndio ipoe," kataa. Bila hiyo, maji hayapiti kwa rejeta vile yalipangiwa, na injini haifiki joto lake la kawaida. Poda za kuziba rejeta pia kataa. Zinaziba tundu unalotaka na zile hutaki.

Na ikichemsha barabarani: paki, zima, ngoja. Usifungue rejeta ikiwa moto, itakuchoma uso. Usimwage maji baridi kwa injini inayochemka, hapo ndipo hedi nyingi zinapasukia. Kuchelewa harusi masaa mawili si kitu. Kuendelea "nifike tu hapo mbele" kumemaliza 1KZ nyingi kushinda kilomita.

Uchukue ama uache?

Kama pesa yote uliyonayo ni ya kununua gari na hakuna ya kuirekebisha, iache. Tafuta kitu kidogo cha petroli, hutalala njaa. Lakini kama unaweza kuweka kando bajeti ya rejeta, mkanda na savisi kamili kwa mwezi wa kwanza, na umepata moja imepita mtihani wa asubuhi, 1KZ itakulipa kwa miaka. Bei yake ya chini ni kwa sababu mtu mwingine aliruka hizo gharama. Mtu lazima azilipe. Hakikisha umezitoa kwa bei kabla usalimiane na muuzaji.